Shajara ya soko la Alhamisi: darasa la Sita, Tanga mjini

Hii ni shajara ya soko dogo walilouza wanafunzi wangu wenyewe, naiandika kwa ajili ya mwalimu mwenzangu atakayetaka kujaribu kitu kama hiki na wanafunzi wake. Yaliyokwenda sawa nimeyapitia mbiombio; tulipoharibu ndipo nilipokaa. Bei zote ni za hapa Tanga, mwaka 2024. Majina ya watoto sikuyaweka, wala ya shule.

Jumatatu, 1 Julai 2024: ruhusa

Nafundisha Hisabati. Mada ya faida na hasara watoto wangu wanaimaliza haraka kuliko zote: bei ya kununulia hii, bei ya kuuzia hii, toa, andika jibu. Muhula uliopita niliwauliza hiyo bei ya kununulia inatoka wapi. Darasa zima la watoto 62 likanyamaza, mpaka mmoja akajibu, "Kwenye kitabu, Mwalimu."

Ndiyo nikaomba ruhusa ya soko dogo wakati wa mapumziko, kila Alhamisi, wauzaji wakiwa ni wao. Mwalimu mkuu aliupeleka mpango kwenye kamati ya shule. Nilitegemea upinzani kuhusu usafi au vipindi kuliwa. Aliyenishtua ni mzee mmoja mjumbe, aliyesoma enzi za Elimu ya Kujitegemea, ile sera ya 1967. Alisema wao walilima shamba la shule mpaka mikono ikaota sugu, mavuno yakauzwa, na hela yake hakuna mwanafunzi aliyewahi kuiona hata kwenye karatasi. Sharti lake lilikuwa moja tu, daftari la hesabu washike watoto wenyewe. Nikakubali papo hapo, bila kujua sharti hilo litakuja kunigeukia.

Mtaji nimetoa mfukoni, 40,000. Nimewaambia wazi kwamba ni mkopo, nitaudai.

Jumatano, 10 Julai: maandalizi

Makundi matatu: karanga, juisi ya ukwaju, kashata za nazi. Mweka hazina ni binti mmoja mpole wa dawati la nyuma, aliyechaguliwa kwa sababu mwandiko wake unasomeka. Tulinunua karanga kilo 3 (12,000), ukwaju (3,000) na sukari kilo 2 ya juisi (6,000). Jumla 21,000. Sukari imeshuka kidogo tangu ule mwanzo wa mwaka, mvua za El Niño zilipovuruga uzalishaji viwandani, lakini 3,000 kwa kilo bado inauma.

Mambo mawili ya kuangalia kwa atakayefuata njia hii. Kwanza, karanga zichambuliwe kabla ya kukaangwa, zote zenye ukungu, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi zitoke. Sumukuvu, ile sumu inayoletwa na ukungu, haimalizwi na moto, na ukishakaanga huwezi tena kuzitambua vizuri. Pili, vifungashio. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, na watoto waliokuwa wadogo wakati ule hata hawaikumbuki. Walianza kufungia karanga kwenye kurasa za madaftari ya zamani, mwalimu wa afya akazikataa kwa sababu ya wino. Tukatumia karatasi za mtihani zilizobaki, upande usioandikwa ukiwa ndani.

Kipimo ni kikombe cha kahawa, kile kidogo cha kijiweni. Tulipiga hesabu ya pakiti 150. Baada ya kuchambua zikatoka 128. Kundi la karanga lilinuna kama limeibiwa.

Alhamisi, 11 Julai: soko la kwanza

Kengele ya mapumziko ililia, na kabla sijafika kwenye meza nilikuwa sizioni meza zenyewe kwa umati.

Kosa la kwanza lilikuwa langu, sikuweka chenji. Mwalimu mwenzangu alikuja na noti ya 5,000 kununua juisi ya 100, sarafu zote za kundi la juisi zikaondoka naye. Baada ya hapo walikuwa wanaombana chenji meza kwa meza bila kuandika.

Kosa la pili sikulitegemea kabisa. Kijana wa karanga ni yule ambaye ubaoni elfu kutoa mia tatu anaijibu kabla chaki haijatua. Alipokea noti ya 1,000 kwa pakiti tatu, akarudisha 800. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Kiganja kimejaa sarafu, mikono kama kumi imemnyooshea, mmoja anamwita, mwingine anamvuta shati, naye midomo inacheza kama anayesoma dua. Aliyepewa 800 aliondoka taratibu bila kugeuka nyuma.

La tatu ni vikombe. Tulipanga lita 20 zitoe vikombe 100. Lakini kila mnunuzi alikuja na kikombe chake: darasa la Kwanza na vikombe vya uji, darasa la Saba, karibu niseme, na magaloni. Bei ilikuwa moja. Juisi ilikauka kwenye kikombe cha 71.

Tulitegemea 31,800. Tulihesabu 27,450. Katika pengo hilo la 4,350, vikombe vilikula 2,900, na 1,450 zilizobaki ni chenji na "kuonja". Hata hivyo mweka hazina aliandika ubaoni 27,450 kutoa 21,000, faida 6,450, darasa likapiga makofi mpaka jirani wakaja kuchungulia. Sikusema kitu. Niliwaacha waende nyumbani na furaha yao.

Ijumaa, 12 Julai: faida iliyoyeyuka

Asubuhi niliuliza swali moja tu. "Kashata zilitengenezwa na nini?"

Na nazi, na sukari, na hiliki. Zilitoka wapi? Nyumbani. Nyumbani walizipata wapi? Hapo wakaanza kutazamana. Tukaandika: nazi 6 kwa 800 ni 4,800, sukari kilo moja na nusu 4,500, mkaa 2,000, hiliki 500. Jumla 11,800, na hakuna hata shilingi yake iliyokuwa daftarini. Mweka hazina akafuta 6,450 kwa kiganja, akaandika hasara 5,350. Halafu bila kuambiwa akagawa 11,800 kwa kashata 90. Kila kashata ilitugharimu kama 131, nasi tuliiuza 100.

"Kwa hiyo tulikuwa tunawalipa watu wale kashata?" aliuliza mtoto mmoja. Ndiyo, kwa hela za mama zenu.

Wengi waligoma kukubali. Hoja yao ilikuwa kwamba cha nyumbani si cha kununua. Ubishi ule ulikula kipindi kizima, na kama kuna siku moja ya mradi huu ningeirudia kwa mwaka mzima ni hiyo. Mwisho tuliweka kanuni: chochote kinachotoka nyumbani kinaandikwa kwa bei ya dukani, na kinalipwa. Tuliwalipa akina mama 11,800 zao. Mmoja aliniletea ujumbe kupitia mwanawe: "Mwambie Mwalimu ahsante, maana sukari hiyo nilikuwa namtafutia mwizi."

Alhamisi, 18 Julai: soko la pili

Marekebisho: chenji ya 5,000 katika sarafu za 50 na 100 (nilibadilishiwa na konda wa daladala), na kikombe kimoja cha kupimia, ukija na ndoo utamiminiwa kikombe hicho hicho. Kashata tulizibishania: zipande bei au zipungue ukubwa? Wanaotaka 150 walishindwa kwa sababu sarafu za 50 zinasumbua. Tukakata sinia lile lile vipande 130 badala ya 90. Binti mmoja alisema huko ni kuwapunja watu. Nilimwambia ana haki ya kusema hivyo, nikaiacha kura iamue.

Chenji na vikombe vilikwenda vizuri. Kilichotuvunja safari hii ni deni. Mchana tulikuta bidhaa zimeisha zote, mauzo ya 35,800, gharama 32,800 zikiwemo za nyumbani, faida 3,000. Lakini sanduku lilikuwa na 31,200. Wauzaji walikuwa wamekopesha 4,600! Rafiki kamwomba rafiki, na kaka mkubwa wa darasa la Saba hakuomba, alichukua. Daftarini tulikuwa na faida, mkononi tulikuwa na hasara ya 1,600.

Daftari la madeni nimelihifadhi. Mstari mmoja unasema: "Yule mrefu wa la Nne B, 300." Darasa la Nne B lina warefu watatu, na wote walikana.

Kufikia Jumatano iliyofuata tulikusanya 2,700. Nyingine 1,900 tumezisamehe, yaani zimetushinda. Kanuni mpya: hakuna kukopesha, na muuzaji akikopesha ni deni lake yeye.

Kanuni hiyo ilileta swali ambalo nilikuwa nimelikwepa tangu mwanzo. Wapo watoto ambao hawaji shuleni na hata sarafu ya 50. Kila Alhamisi wanasimama pembeni wakitazama. Darasa langu lenyewe linao. Tulikubaliana kila soko pakiti 10 za karanga zipelekwe kimya kimya kwa walimu wa darasa la Kwanza na la Pili, wao wanajua nani wa kumpa. Mweka hazina aliuliza aziandike wapi. Wengine walisema hasara, wengine gharama. Aliandika "sadaka, 1,000" kwenye safu yake peke yake. Sijamrekebisha.

Jumatatu, 22 Julai: bibi wa getini

Hili halikuwa kwenye mpango wowote. Getini kwetu kuna bibi anayeuza ubuyu na kashata, yuko pale tangu mimi sijahamia shule hii. Asubuhi nilipomwamkia alijibu, "Marahaba, mwanangu," halafu akaninyamazia namna ambayo iliniambia nisiondoke. Baadaye akasema, "Alhamisi mbili narudi na beseni kama nilivyokuja nalo. Na nyie mna mshahara."

Niliona aibu. Siku nzima ya kupanga mradi wa kufundisha biashara, na hatukumtazama mfanyabiashara aliyekaa hatua thelathini kutoka darasani.

Nilimwomba aje kuzungumza na watoto. Alikataa kuingia darasani, ana kazi. Basi tukatoka sisi kwa makundi. Aliwaonyesha mambo mawili ambayo mimi na digrii yangu sikuwa nayo. La kwanza ni kurudisha chenji kwa kupanda. Mtu ametoa elfu kwa bidhaa ya mia tatu, hutoi chochote kichwani. Unaanzia mia tatu na kuweka sarafu mkononi mwake ukihesabu kwa sauti, mia nne, mia tano, halafu sarafu ya 500 na kutamka "elfu." Mnunuzi anahesabu pamoja nawe, hakuna ubishi. Kijana wangu wa karanga alijaribu mara tatu pale pale, akacheka peke yake.

La pili ni kanga. Hela za mwanzo za siku anazifunga pindo la kulia mpaka zitimie kiasi alichonunulia mzigo. Kabla fundo hilo halijatimia, siku hiyo hajapata hata thumni, hata kama beseni limebaki nusu. Kinachokuja baadaye kinakwenda pindo la kushoto, na hicho ndicho kinachonunua unga wa jioni. Tangu siku ile tuna makopo mawili mezani. Moja limeandikwa KULIA.

Makubaliano: kashata hatutengenezi tena. Tunazinunua kwake, 100 kwa 7,000.

Alhamisi, 25 Julai: soko la tatu

Juisi tumeipumzisha, msimu wa machungwa ya Muheza umewaka na kushindana nayo ni ubishi. Machungwa 150 kwa 9,000, kashata za bibi 7,000, karanga 12,000. Gharama 28,000. Kumenya kwa kisu tuliwaachia wachache wenye mikono mizuri, nikiwa karibu. Machungwa 11 yalitupwa, mengine yalibonyea safarini, mengine yalikatwa vibaya. Mauzo 35,900, faida 7,900, sadaka ikiwa imeshatoka.

Kilichowagonga ni kashata. Zile walizozihangaikia nyumbani jioni nzima, hata baada ya kuzipunguza ukubwa, zilikuwa zinabakiza kama shilingi 9 kila moja. Za bibi, ambazo hawakuzigusa hata kwa kijiko, zinabakiza 30. Kundi la kashata halikufurahi hata kidogo. Mmoja aliuliza bibi anazitengenezaje kwa bei hiyo. Nenda kamuulize, nikamwambia. Alirudi na jibu: nazi ananunua kwa mkupuo kwa mkulima, na moto mmoja unapika sinia nne.

Alhamisi, 1 Agosti: soko la nne

Kama lililopita. Faida 8,600. Mtaji na faida pamoja sasa ni 52,250. Watoto wameanza kutembea kifua mbele.

Ijumaa, 9 Agosti: muhogo

Walitaka kukua. Muhogo wa kukaanga, pilipili na chumvi, mpishi wa shule akubali kukaanga, wao wauze. Jumanne tarehe 6 tulinunua muhogo wa 15,000, mafuta 7,500, chumvi na pilipili 500. Jumla 23,000, kwa ajili ya Alhamisi.

Jumatano mstarini mwalimu wa zamu akawatakia watoto sikukuu njema. Alhamisi ilikuwa tarehe 8, Nanenane. Watoto 62 na mwalimu wao, hakuna aliyetazama kalenda.

Muhogo haungoji. Ukishang'olewa, ndani ya siku mbili tatu unaanza kupiga mistari ya samawati na nyeusi ndani, hata kama nje unaonekana mzima. Mpishi alitueleza dawa: umenye, uloweke kwenye maji safi, utasogea siku moja mbili. Lakini alituambia jioni, watoto wengi wameshaondoka. Tuliobaki tulimenya ndoo moja. Mwingine ulibaki kwenye kiroba, na Ijumaa tulipoukata ulikuwa kama umechorwa kwa kalamu ya wino. Tuliutupa wote.

Ule wa kwenye ndoo ulitoka mtamu na mauzo yakawa 13,200. Hasara 9,800. Mtaji na faida vikarudi 42,450, maana yake kazi ya wiki tano imebakiza 2,450.

Nilitegemea kilio. Badala yake mtoto mmoja aliuliza kwa nini Jumatano yenyewe hatukuukaanga na kuuza. Hakuna aliyelifikiria, nami nikiwemo. Alhamisi ilikuwa imetukaa kichwani kama sheria.

Alhamisi, 15 Agosti: soko la tano, na kufunga hesabu

Tumerudi kwenye tunachokijua: karanga, machungwa, kashata za bibi. Gharama 28,000, mauzo 37,250, faida 9,250. Sandukuni 51,700. Wamenirudishia 40,000 zangu mbele ya darasa, noti moja moja, wakihesabu kwa kupanda. Ikabaki 11,700.

Nilikuwa nimeshaandika ubaoni "faida halisi 11,700" mweka hazina aliponyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani. Sokoni ulikuwa unakwenda na nini?"

Na bodaboda.

"Tuliiandika wapi?"

Nilisema hiyo ni yangu, nimejitolea. Akafungua daftari lile lile, ukurasa wa tarehe 12 Julai, akanisomea kanuni kwa sauti yake ndogo. Darasa lote lilikuwa linanitazama mimi. Safari sita, 1,500 kwenda na kurudi. Aliandika 9,000, akatoa, akapigia mstari wa rula chini ya 2,700. Akauliza pia kuhusu kuni za jikoni tulizokaangia karanga na zile karatasi za mtihani. Za kuni nimemwambia akamuulize mpishi, yuko njiani. Za karatasi mwalimu mkuu amesema tumsamehe.

2,700 kwa watoto 62 ni shilingi 43 na ushee kila mmoja, na sarafu ya 43 haipo. Wakapiga kura ya kununua kitu kimoja cha darasa. Kisu kipya kilipata kura 20, jagi lenye alama za lita kura 17, kalenda ya ukutani kura 25.

Kalenda tumeinunua jioni hii. Mwenye duka aliishusha mpaka 1,000 kwa sababu mwaka umeshakatika. Mweka hazina aliomba risiti.